Mita Mia Moja na Thelathini

Vijana wangu wa mizinga, siku mliyoniaga bwaloni mlinipa saa ya ukutani, mkaniomba niandike mambo ya kazi kabla hayajanitoka kichwani. Saa inakwenda vizuri, ingawa mke wangu anasema inapiga kelele kunizidi. Kuandika ndiko kulikonishinda. Nimeanza mara tatu, na mara zote tatu nimefika siku ile ile moja, nikachana karatasi na kwenda kumwagilia nyanya. Safari hii nitapita. Vyeo sitaviandika, mnaviona mabegani kwa watu; mshahara nao haujawahi kumfurahisha askari yeyote ninayemfahamu. Nitaandika kazi yenyewe, na nitaandika habari ya ile nishani ya ushujaa, maana ndiyo mliyokuwa mkiniuliza kila mara nami nikiwapiga chenga.

Mimi ni mtu wa Shinyanga, kijiji kisicho mbali na Mwadui. Baba yangu alikuwa mlinzi pale mgodini, na nilikua nikisikia baruti zikilipuka mchana huku mama akianika mahindi bila hata kugeuka. Kwa hiyo nilipofika kombania ya mizinga nikiwa luteni mpya, niliwatangazia wenzangu kwamba milipuko si kitu kwangu. Wakanisimamisha karibu na mzinga nambari mbili. Ulipofyatuliwa nilijikuta nimechuchumaa, kofia iko mita tano nyuma yangu, na askari sita wananitazama kwa heshima zote bila kucheka. Aliyecheka ni mmoja tu, Ofisa Mteule Kibwana.

Kibwana alikuwa Mzaramo, kwa hiyo mtani wangu, na alitumia haki hiyo mpaka tone la mwisho. Aliniamkia "mwangaluka" hata saa kumi jioni, akijua fika kwamba hiyo ni salamu ya asubuhi. Alisema Mungu aliwaumba Wasukuma wengi ili Wazaramo wasikose watu wa kuwabebea mizigo. Lakini ukigusa mzinga mbele yake utani ulikwisha. Yeye ndiye aliyenifundisha kufunika vifuko vya baruti kwa blanketi, kwa sababu baruti iliyopigwa na jua hulirusha kombora mbali kuliko hesabu yako, na kombora linalokwenda mbali halirudi ukaliomba radhi. Alinifundisha kurudia kila tarakimu ya amri ya kupiga kwa sauti, hata kama aliyeitoa yuko hatua mbili kutoka ulipo. Wengine waliona anazeeka vibaya. Mimi nilimwogopa, na woga huo ulinifaa.

Jambo lake jingine ni kadi ya nyumbani, ambayo ninyi wote mmeijaza na wengi wenu mmeinung'unikia. Ilianza kwake. Ofisa akienda likizo, alitakiwa kusimama mahali pamoja kijijini kwao, kuchagua vitu kumi vinavyoonekana, na kuandika kila kimoja kiko upande gani na umbali gani. Upande kwa dira, umbali kwa miguu. Lazima utembee ukihesabu hatua, urudi, uhesabu tena. Kibwana alisema jicho hudanganywa zaidi na mahali linapopapenda, ndiyo maana alitutuma nyumbani na si kwingine.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu kosa langu lilianzia hapa. Likizo yangu ya kwanza iliangukia kwenye harusi ya dada yangu. Siku saba zikaenda kwa pilau, pombe na wajomba. Sikutembea hatua hata moja. Nilikumbuka kadi nikiwa stendi ya Kahama nasubiri basi la kurudi kazini, nikaijaza palepale kwenye benchi, kwa kumbukumbu: nimesimama kanisani, shule iko huku, ghala la pamba kule, josho la ng'ombe nyuzi arobaini, mita mia mbili na themanini. Nilikuwa na hakika kabisa. Nani asiyejua josho la kwao? Kibwana aliipokea, akaitazama kwa muda mrefu, akaniuliza kama nimepima yote kwa miguu. Nikamjibu ndiyo. Akaiweka kwenye faili.

Miaka ikapita, Kibwana akastaafu na kurudi kwao Kisarawe. Kombania ikawa yangu, na mimi ndiye niliyekuwa nikizipokea kadi. Ndipo akaja Luteni Masanja. Ni wa kijiji changu, mtoto wa jirani, mdogo kwangu kwa miaka kumi na zaidi. Tukiwa wawili aliniita kaka, mbele ya watu afande. Alikwenda likizo akarudi na kadi yake, naye alikuwa amesimama kanisani, kwa sababu kijijini kwetu hakuna mahali pengine pa kusimama ukaona vyote. Vitu vyake vililingana na vyangu kasoro kimoja. Josho aliliandika mita mia nne na kumi.

Nilichukua kalamu nyekundu nikakata. Nikaandika mia mbili na themanini. Masanja akasema kwa upole kwamba alipima mara mbili, kwenda na kurudi. Ningeweza kumwambia ukweli, kwamba mimi sikupima hata mara moja. Askari walikuwa wanasikiliza. Nikamwambia luteni hawezi kumfundisha kapteni njia ya josho ambako kapteni alipeleka ng'ombe yeye hajazaliwa. Watu wakacheka. Akapiga saluti, akaondoka na kadi yake. Nilidhani ameirekebisha.

Baadaye tukatumwa nchi jirani, magharibi, kulinda watu waliokuwa wakichomewa vijiji na waasi. Waasi wale walizungumza Kiswahili kama mimi na wewe. Tukiongea redioni nao wanasikia, kwa hiyo kila kundi lilibeba kadi ya siri yenye maneno ya kuficha mahali. Masanja alikuwa mwangalizi wangu. Aliwekwa juu ya kilima na askari ishirini na watatu, wakachimba mahandaki, na kazi yake ilikuwa kuona na kuniambia mimi niliyekuwa na mizinga sita kilomita nne nyuma, nisiyeona kitu isipokuwa migomba.

Siku ile ilianza vibaya asubuhi. Askari wa redio aliyekuwa akiteremka kuleta taarifa za kilimani alivamiwa njiani na kuuawa. Waasi wakachukua redio yake, kadi ya siri, na karatasi zote alizobeba. Saa nane mchana wakakishambulia kilima kwa makombora yao madogo, kisha wakaanza kupanda. Masanja akaniita. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hilo ndilo lililonitisha.

Aliniambia kadi ya siri haifai tena na wanatusikia. Tukitaja mahali pa kupiga, watahama kabla kombora halijafika, au watazidi kusogea karibu na mahandaki, ambako tutaogopa kupiga. Kisha akauliza, "Afande, nyumbani unapakumbuka?"

Nikamwelewa papo hapo. Kadi ya nyumbani ina vitu kumi, kila kimoja na upande wake na umbali wake. Kilima kikiwa ndilo kanisa, popote anapotaka nipige hapakosi kuwa karibu na kimoja. Waasi watasikia neno shule au neno lambo, wala hawatajua kitu, maana hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuchunga ng'ombe Shinyanga. Nikamjibu napakumbuka.

Tulipiga ghala la pamba, likawa sawasawa. Tukapiga shule, sawasawa. Alikuwa akinisahihisha hatua chache kulia, chache kushoto, na nilisikia askari wake nyuma wakishangilia kwa sauti za chini. Vijana wangu wa mizinga walivua mashati. Vifuko vya baruti vilikuwa chini ya blanketi kama Kibwana alivyotaka. Nilianza kufurahia, na sioni haya kuliandika hilo, kwa sababu kazi inapokwenda hivyo inafurahisha.

Ndipo akasema waasi wamejikusanya kwenye korongo, wengi, wanajiandaa kupanda kwa pamoja, na wakifika juu hana risasi za kuwazuia. Ishirini na watatu kilimani, wao zaidi ya mia. Akasema, "Josho. Mizinga yote."

Nilijua kwamba kadi yake na yangu ziliwahi kutofautiana hapo. Nataka mjue kwamba nililikumbuka. Lilinipita kichwani waziwazi, kalamu nyekundu na yote, na ningeweza kumuuliza: josho lako au langu? Maneno manne, sekunde tatu. Sikuuliza, kwa sababu niliamini namba yangu ndiyo namba, na kwa sababu kuuliza kungekuwa kukiri mbele ya askari wote walioizunguka redio kwamba pengine Masanja alikuwa na haki siku ile. Nikatoa amri: nyuzi arobaini, mita mia mbili na themanini kutoka kilimani. Kamanda wa kila mzinga akairudia tarakimu kwa tarakimu. Kurudia kwetu hakukuwa na kasoro. Mizinga sita ikafyatua pamoja.

Nilihesabu mpaka ishirini na mbili.

Kisha Masanja akasema, kwa sauti ile ile, "Ongeza mia moja na thelathini. Rudia mizinga yote."

Nikaongeza. Makombora yakaangukia korongoni, mara ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano, na waasi wakavunjika. Kilima kilipona. Lakini mimi sikuwa nasikiliza tena milipuko. Mtu akikwambia uongeze mia moja na thelathini, ya kwanza yaliangukia mahali fulani, na nilikuwa najiuliza ni mahali gani na pana nani.

Dakika chache baadaye Masanja akaniambia betri yake inakwisha, na bila redio hatuwezi kuwamaliza waliobaki. Ilihitajika redio nyingine ipelekwe juu. Njia ya kupanda ilikuwa shamba la mihogo iliyokwisha kung'olewa, wazi kama uwanja, na waasi wenye bunduki walikuwa bado upande mmoja. Kamanda wa mizinga haachi mizinga yake. Hilo limeandikwa na mimi mwenyewe nimewafundisha. Nikamkabidhi msaidizi wangu, nikachukua redio, gari likanifikisha chini ya kilima, nikapanda.

Kilichoandikwa baadaye kwenye maelezo ya nishani ni kweli tupu. Nilipita mita mia sita nikipigwa risasi, mara tatu nililala chini, mara tatu nikainuka. Nilifikisha redio. Masanja alikuwa amepata kipande cha chuma pajani, kwa hiyo nikachukua nafasi yake nikaelekeza mizinga kwa muda wa saa nzima. Halafu nikashuka mbele ya mahandaki, upande wa adui, nikambeba majeruhi mgongoni na kumrudisha. Wakaandika kwamba nilikwenda kwa ujasiri usio wa kawaida. Nilikwenda kuangalia. Mtu anayekimbilia kujua kama ameua haogopi risasi, anaona zinamchelewesha.

Nilipofika juu, kabla sijavua hata mkanda wa redio, Masanja alinionyesha kwa mkono mbele, kwenye bega la kilima. Asubuhi ile walikuwa wamechimba handaki moja la mbele, mita mia mbili na sabini kutoka pale tulipo, la watu wawili. Taarifa yake ilikuwa kwenye karatasi zilizochukuliwa na waasi, kwa hiyo mimi sikuwa nayo. Mmoja wa wale wawili alikuwa amerudi nyuma kuchukua risasi. Aliyebaki alikuwa Koplo Daudi.

Masanja hakunilaumu. Alisema, "Nilidhani unalijua josho la kwenu, afande."

Majeruhi niliyembeba mgongoni ndiye Daudi. Alikuwa hai nilipomkuta. Alifariki kabla hatujafika kwenye mahandaki.

Kwenye ripoti kulikuwa na mstari wa sababu ya kifo. Waasi nao walikuwa wamepiga makombora siku ile, hakuna mtu angeuliza. Niliandika kwa mkono wangu: makombora ya adui. Masanja aliisoma akiwa amelala na mguu umefungwa, akanirudishia. Nishani nilivishwa miezi kadhaa baadaye kwenye gwaride, bendi ikipiga, mke wangu amevaa kitenge kipya. Nilisimama wima.

Daudi alikuwa mtoto wa pekee. Mama yake, Mama Daudi, ana mgahawa Kalangalala, pale Geita mjini. Anapika wali na sato, na wachimbaji hutoka machimboni na vumbi lao jekundu wakala kwake kwa sababu hawahimizi kuondoka. Mimi ndiye niliyempeleka mwanawe nyumbani. Nilimwambia alikufa papo hapo kwa kombora la adui, hakusikia maumivu. Tangu hapo akawa ananiita mwanangu. Kila mwaka nilikwenda mara moja au mbili, nikala, na kila mara aliwaambia wateja wake kwamba huyu ndiye aliyemfuata mtoto wangu kwenye risasi akamleta mgongoni. Wachimbaji walisimama kunipa mkono. Nilikula wali ule kwa shida sana.

Nilivumilia hivyo mpaka nilipostaafu. Mkiwa kazini mna mazoezi, mna ukaguzi, mna magari yasiyowaka. Mtu anaweza kujificha nyuma ya hayo miaka mingi. Mimi nilibaki na saa yenu ukutani. Nikampigia Masanja simu. Siku hizi analima pamba kijijini, mguu ule ukimsumbua wakati wa mvua. Nikamwambia ninataka kwenda kumwambia mama, na kwamba jambo hili linamgusa na yeye. Akasema, "Kaka, nilikuwa nasubiri uanze wewe." Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kusema. Akanijibu kwamba siku ile ya kalamu nyekundu alisema, nikawafanya watu wamcheke.

Nilikwenda Kalangalala asubuhi, wateja hawajajaa. Nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo. Nikamwamkia shikamoo mama, akaniitikia marahaba mwanangu, akataka kuniletea chai. Nikamwomba akae kwanza. Nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi hapa: harusi, benchi la stendi, kalamu nyekundu, josho, ripoti. Nilimweleza polepole kwa sababu mambo ya mizinga si ya kwake, na nilitaka asibaki na shaka kwamba kombora lilikuwa letu na namba ilikuwa yangu. Mikono yake iliendelea kuchambua mchele. Nilipomaliza ndipo ikaacha.

Mchimbaji mmoja aliingia, akatutazama, akatoka. Sikusema samahani tena. Nilikuwa nimeisema mara mbili na niliisikia ilivyo ndogo.

Kisha akauliza, "Ni kweli alikufa palepale?"

"Hapana, mama. Nilimkuta hai."

"Alisema nini?"

Sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Masanja, hata mke wangu. Daudi alinitambua. Nilikuwa nimemweka mgongoni, mdomo wake uko sikioni kwangu, na kwa kuniona kilimani alidhani mizinga iko mikononi mwa mtu mwingine, hakujua amri ilikuwa yangu. Nikamrudia mama maneno yake kama alivyoyasema.

"Alisema, 'Afande, mizinga yetu inapiga fupi. Waambie, wasije wakaua watu.'"

Mama Daudi aliweka ungo chini. Akajifuta mikono kwenye khanga, mmoja kisha mwingine. Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema, na hakuniita mwanangu.

"Ukawaambia?"

Nikamjibu hapana. Nikamwambia askari wangu wote waliopita mikononi mwangu tangu siku ile, wanaopiga mizinga hadi leo, hakuna hata mmoja niliyemwambia.

"Basi waambie," akasema, akainuka kwenda kuangalia sufuria yake.

Nimewaambia.